Pikapu ya mkono wa pili: uiinue kwa spesa, kwa bloki, au ununue seti kamili ya springi?

Mvua ya Aprili ikikolea, njia za mashamba ya viazi juu ya Elburgon hugeuka mifereji miwili ya matope yenye tuta katikati. Malori na matrekta ndiyo yanayoichimba mifereji hiyo, nasi wenye pikapu hufuata nyuma. Siku moja nilisimama pale na watu kama sita tukitazama Hilux iliyonyanyuliwa, nzuri ya kupendeza macho, ikiwa imelikalia lile tuta. Magurudumu ya nyuma yalizunguka bure, difu, lile bonge la chuma lenye gia katikati ya ekseli, imezama udongoni kama jembe. Nyuma yake ilikuja Isuzu D-Max ambayo haijaguswa kimo chake hata kidogo, ila imevaa matairi mapya ya meno makubwa. Dereva wa Isuzu aliiacha mifereji, akapandisha magurudumu ya upande mmoja juu ya tuta na ya upande wa pili kwenye ukingo wa njia, akapita polepole. Kisha akarudi na kamba kuivuta Hilux.

Mwenye Hilux alikuwa amewekewa spesa mbele na bloki nyuma, vipande vya kuinulia gari, wiki tatu tu zilizopita. Alipiga magoti kwenye matope, akachungulia chini ya gari lake, akauliza, "Sasa kimo nilichonunua kimeenda wapi?"

Swali hilo linastahili jibu kabla mtu hajatoa pesa, kwa sababu njia za kuinua pikapu kuukuu ni nyingi na kila moja huinua kitu tofauti. Nimetumia nne kati yake kwenye magari yangu mwenyewe, na nyingine nimezishuhudia kwa karibu kwa jamaa na majirani hapa Nakuru.

Kinachopanda na kisichopanda

Pikapu nyingi za huku zina ekseli ya nyuma iliyo bomba moja gumu, difu ikiwa katikati yake. Ekseli imebebwa na magurudumu, springi zimebebwa na ekseli, na gari lote limebebwa na springi. Ukibadilisha springi au ukichomeka bloki, kinachopanda ni chasisi, bodi, bampa, tangi la mafuta na ngazi za kando. Difu ya nyuma haisogei hata kwa unene wa kucha. Kinachoiinua ni tairi peke yake, na tairi nalo huinua nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka. Chukua tairi la 265/70R16: kipenyo chake ni kama milimita 777. Ukilibadilisha kwa 265/75R16 unapata 804. Tofauti ni milimita 27, na difu inapanda 13, unene wa kidole.

Mbele mambo ni tofauti. Kwenye pikapu ya 4x4 ambayo kila gurudumu la mbele lina mikono yake ya chuma inayoliunganisha na chasisi, difu ya mbele imefungwa kwenye chasisi, hivyo inapanda pamoja nayo.

Kwa hiyo kuinua gari kunasaidia pale bampa inapogonga ukingo wa mtaro, mkia unapoburura mzigo ukiwa umejaa, tumbo linapokwaruza mwamba, au unapotaka nafasi ya tairi kubwa zaidi. Kama shida yako ni tuta la katikati kama la Elburgon, anza na matairi. Na kama shida yako ni udongo mweusi wa Kano, kule Ahero na Miwani, ule unaoganda kwenye tairi mpaka meno yote yanapotea, kimo hakitakuokoa. Pale kinachohitajika ni tairi linalojisafisha, na subira ya kungoja jua.

Kabla ya kuinua, pima

Watu wengi wanaotaka kuinua gari la mkono wa pili wana gari lililoshuka tu. Pikapu iliyobeba viazi, mawe au miwa kwa miaka kumi imelegea springi. Mwenyewe anaiona fupi, anakimbilia spesa, na anachofanya ni kukiegemeza kitu kilichochoka.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Simamisha gari mahali palipo sawa, kwa mfano kwenye sakafu ya kituo cha mafuta, bila mzigo. Chukua futi ya fundi seremala, upime kutoka katikati ya kikombe cha gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa bodi. Usipime kutoka chini, kwa sababu tairi lililopungua upepo litakudanganya. Andika namba nne, moja kwa kila gurudumu. Kisha ingia chini utazame springi za nyuma. Majani yake, yale mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, yakiwa yamenyooka kama rula bila mzigo, au yamepinda kwenda upande wa pili, yamekwisha. Tafuta ufa karibu na bolti ya katikati, ndipo majani hukatikia. Tikisa bushi, zile raba za kwenye viungo vya springi, kwa mtalimbo. Tazama shoki kama zimelowa mafuta.

Pima tena ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Magunia 20 ya viazi ya kilo 50 ni tani nzima, na hapo ndipo pikapu nyingi za kabati moja, yaani zenye safu moja tu ya viti, hufikia kikomo chake. Namba zile nane zitakuwa na thamani kuliko maneno ya muuzaji yeyote, maana zitakuambia kama unahitaji kuinua au kurudisha tu.

Kurudisha ni chaguo halali kabisa: springi mpya za kimo kilekile cha kiwandani, shoki mpya, bushi mpya. Nina binamu Molo ambaye alifanya hivyo kwa pikapu aliyokuwa tayari kuiuza, na gari likapanda karibu milimita 40 nyuma bila kitu chochote cha ziada. Hakuna pembe iliyobadilika, hakuna sivi jointi, kiungo cha kuzungusha gurudumu la mbele, iliyolalamika, na breki zilifanya kazi kama waundaji walivyokusudia. Ningekuwa na uwezo wa kumpa kila mnunuzi wa gari kuukuu ushauri mmoja, ningempa huo.

Kukaza tosheniba

Kama pikapu yako ni Hilux ya 4x4 ya kabla ya kizazi cha Vigo kilichoanza 2004, au D-Max ya 4x4 ya kizazi cha kwanza, au Nissan Hardbody ya 4x4, au Ford Ranger ya 4x4 ya kabla ya 2011, mbele hakuna koili, ile springi ya mzunguko. Kwenye nyingi kati yake kuna fito mbili za chuma zinazokwenda nyuma chini ya kabati, moja kila upande, zinazobeba uzito kwa kujisokota. Fundi huziita tosheniba. Mwisho wa kila fito kuna bolti ya kurekebisha kimo, na ukiikaza, pua ya gari inapanda. Gharama yake ni jasho na muda wa gereji, basi.

Hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu cha bure hakina anayekizuia. Kukaza bolti hakuongezi nguvu ya fito. Kunabadilisha tu mahali mkono wa gurudumu unapoanzia kazi. Kimo unachopata kimetolewa kwenye safari ya gurudumu ya kushuka. Ukikaza kupita kiasi, mkono wa juu unalala kwenye raba ya kuzuia hata gari likiwa limesimama, na kila shimo unalopita linasikika kama nyundo, kwa sababu gurudumu halina pa kushukia.

Nilijifunza hivyo kwenye Hilux yangu ya 2003. Fundi mmoja mzee alinionyesha kipimo ambacho sijakiacha mpaka leo. Gari likiwa chini kwa uzito wake, ingiza kidole kati ya mkono wa juu na ile raba yake. Kidole kikiingia, bado una safari. Kikikwama, legeza bolti. Aliniambia, "Kijana, gari lako linahitaji kupumua kwenda chini kama linavyopumua kwenda juu."

Kwa uzoefu wangu milimita 25 hivi hukubalika, na 30 ndipo ninapokomea. Piga jeki chini ya chasisi kwanza ili fito zipumzike, tia alama ya rangi kwenye bolti, hesabu mizunguko, na ukifanya kulia fanya na kushoto. Endesha kilomita chache kisha upime tena, kwa sababu gari likitoka tu kwenye jeki halijatulia. Usiondoke mjini kabla ya kupima alainimenti, yaani pembe za magurudumu. Nilichelewa wiki mbili, na matairi ya mbele yakawa yamelika ukingo wa nje.

Spesa za mbele

Hizi ni za pikapu zenye koili mbele: Vigo na Hilux zilizofuata, D-Max ya kizazi cha pili, Navara, Ranger mpya zaidi. Spesa ni pande la chuma, alumini au plastiki ngumu linalowekwa juu ya shoki ya mbele, kati yake na mahali inapofungwa kwenye chasisi. Kwa bei ndogo na nusu siku ya kazi, pua inapanda. Kwa kuwa shoki imefungwa katikati ya mkono wa chini na si mwishoni, spesa ya milimita 25 hutoa karibu maradufu yake kwenye gurudumu. Wapo waliouziwa spesa ya milimita 50 wakidhani wanapata 50, wakajikuta na gari lililotazama mbinguni.

Ubaya wa spesa unaonekana gurudumu likishuka. Shoki haijabadilika urefu, lakini imesogezwa chini, kwa hiyo gurudumu linaposhuka shimoni linakwenda chini kuliko lilivyopangiwa. Sivi jointi inapinda zaidi, boljointi, kiungo cha kugeuzia gurudumu, inafika mwisho wake, na kwenye magari mengine mkono wa juu unaigonga koili. Mtu wa kwanza kukuambia ni mpira wa sivi: ukiona grisi imerushwa ndani ya rimu, mpira umepasuka, na vumbi la Njoro wakati wa kiangazi litamaliza kilichobaki.

Je, spesa ni mbaya siku zote? Hapana. Pikapu yenye shoki na koili ambazo bado ni nzima, inayokaa zaidi kwenye lami, ambayo mwenyewe anataka tu pua ilingane na mkia, inaweza kuishi vizuri na spesa nyembamba. Kwa gari linaloshuka na kupanda mashimo kila siku likiwa na mzigo, mimi siiweki. Na spesa juu ya shoki iliyochoka ni pesa mbili zilizopotea, kwa kuwa utaifungua tena.

Bloki na shakoli za nyuma

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoogopa.

Bloki ni kipande cha chuma kinachowekwa kati ya ekseli na springi, kikishikwa na yubolti (bolti za umbo la U) ndefu zaidi. Kwanza hakikisha springi yako imelala juu ya ekseli. Kwenye baadhi ya pikapu fupi za 2x4, springi inapita chini ya ekseli, na ukiweka bloki pale gari litashuka badala ya kupanda. Shakoli ndefu ni njia nyingine: ni kile kiungo kinachoning'iniza mwisho wa springi. Ukiongeza urefu wake kwa milimita 50, gari linapanda 25, na pua ya difu inabadilisha pembe.

Bloki haiongezi nguvu ya kubeba. Gari tupu litaonekana refu, lakini ukipakia tani litakaa chini kwa kiasi kilekile lilichokuwa likikaa, likianzia juu zaidi. Tena ekseli inapata mkono mrefu wa kuisokota springi unapokanyaga mafuta mlimani. Springi dhaifu hujikunja kama herufi ya S, propela, mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, inatetemeka, na sauti ya dungu-dungu unaisikia ukiondoka. Bloki mbili zilizopandana ni hatari. Bloki chini ya springi za ekseli ya mbele inayopinda ni marufuku kwangu, sitaki hata kuisikia.

Ile Hilux yangu ya 2003, baada ya kukaza tosheniba, niliipeleka gereji moja ya kando ya barabara iwekewe bloki nyuma. Kazi ilikuwa nadhifu, yubolti mpya, rangi nyeusi. Nikapakia viazi Timboroa, nikaanza kurudi Nakuru jioni kwenye manyunyu. Kutoka Mau Summit kuja Salgaa barabara inateremka kwa muda mrefu, na kila dereva wa huku anaijua Sachang'wan na anajua imeondoka na watu wangapi. Nilikuwa kwenye gia ya tatu, nikigusa breki kidogo kidogo. Kabla sijafika Salgaa nilisikia harufu ya breki, na kanyagio likaanza kulainika chini ya mguu. Nikashusha gia, nikaegesha kando, nikakaa pale nusu saa mikono ikitetemeka. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanachoma, huwezi kuyasogelea. Ya nyuma yalikuwa vuguvugu tu.

Ni mafundi wawili baadaye ndipo nilipoambiwa sababu. Hilux ya aina ile ina vali juu ya ekseli ya nyuma, yenye kijiti kinachoiunganisha na ekseli. Gari likibeba mzigo, chasisi inashuka, kijiti kinasukuma, na vali inaruhusu breki za nyuma zipate mafuta zaidi. Gari likiwa tupu, chasisi iko juu, na vali inazipunguzia breki za nyuma ili magurudumu yasikwame na kuteleza. Mimi nilikuwa nimeiinua chasisi kwa bloki bila kugusa kijiti. Vali iliona kimo, ikaamini gari ni tupu, na tani yangu yote ya viazi ikawa inazuiwa na breki za mbele. Dawa yake ilikuwa kibanio kidogo cha chuma kinachoinua mwisho wa kijiti kwa kiasi kilekile nilichoinua gari. Kipande cha chuma cha urefu wa kiganja, na hakuna aliyenitajia.

Kwa hiyo ukichagua njia yoyote inayoinua nyuma, iwe bloki, jani la ziada au springi mpya, ingia chini utafute kile kijiti. Gari lako likiwa nacho, kirekebishwe siku hiyohiyo. Tazama pia mpira wa breki unaotoka chasisini kwenda ekseli: gari likiwa kwenye jeki na ekseli inaning'inia, mpira usivutwe ukanyooka kama kamba ya nguo. Na urefu wa shoki ni vivyo hivyo. Shoki ya zamani ikiwa fupi kwa kimo kipya, itageuka kuwa ndiyo inayozuia ekseli isianguke, na haitamaliza msimu.

Kuongeza jani au kukunja springi upya

Hii ndiyo njia ya jua kali, na nina heshima nayo. Mafundi wetu wa springi wamebeba uchumi wa mashamba mgongoni. Jani la ziada lenye mpindo sahihi, lililokatwa kwa urefu unaofaa na kuwekwa mahali pake kati ya majani mengine, linaongeza kimo na nguvu ya kubeba kwa pamoja. Kwa mtu wa miwa Mumias au wa mawe ya ujenzi, anayebeba mzigo mzito kila siku, ni jibu la busara na la bei nafuu. Atakayejuta ni yule mwenye gari linalokwenda tupu siku nne kwa wiki, kwa sababu litaruka kama mbuzi, na mkia mwepesi unaoruka kwenye kona ya changarawe huhama njia.

Kukunja springi kuukuu upya ni jambo lingine. Chuma cha springi kilipikwa kiwandani kwa joto na kupozwa kwa kipimo ili kiwe na unyumbufu. Ukikipasha moto wa mkaa mpaka kiwe chekundu na kukiacha kipoe chenyewe, umekiua. Kikipigwa nyundo baridi kinapanda, lakini kinarudi chini baada ya muda. Niliwahi kulipia kazi hiyo mara mbili ndani ya mwaka mmoja kwa springi zilezile. Fundi akiweza kukuonyesha jinsi anavyoipika tena baada ya kukunja, mpe kazi. Asipoweza, nunua jani jipya.

Seti kamili

Old Man Emu ya kampuni ya ARB, Ironman 4x4, Dobinsons, Tough Dog: majina haya yametoka Australia, nchi yenye vumbi na umbali kama wetu. Seti kamili huja na koili mbili, shoki nne, springi mbili za nyuma, bushi, shakoli na yubolti zake. Bei yake huzidi ya matairi manne mapya, na hilo ndilo huwakimbiza wengi.

Unacholipia ni ulinganifu. Shoki ina urefu wa kimo kipya na nguvu inayolingana na springi. Koili ni ndefu kwa asili yake, haikuegemezwa kwa pande la plastiki. Na kitu kikubwa kuliko vyote ni kwamba springi huuzwa kwa uzito utakaobeba: kuna za gari tupu au mzigo mwepesi, kuna za kilo 300 za kudumu, kuna za 500. Neno la kushika hapo ni "za kudumu". Usihesabu siku yako nzito kabisa ya mwaka, hesabu Jumanne ya kawaida. Mwalimu anayebeba mboga mara moja kwa mwezi akinunua springi za kilo 500 atavunjika mgongo kila siku. Na springi nzito haibadilishi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba, kwa sababu ekseli, breki na chasisi ni zilezile.

Nenda na namba zako nane dukani. Muuzaji anayejua kazi atakuuliza kwanza, "Unabeba nini, na mara ngapi?" Anayekuuliza tu aina ya gari, ondoka. Tazama namba iliyo kwenye koili yenyewe na uilinganishe na ya kwenye boksi, kwani bidhaa za kuigiza zipo. Kwenye seti nyingine koili ya upande wa dereva hutofautiana na ya abiria, na fundi akizibadilisha gari litainama upande.

Lingekuwa langu la kuamua, milimita 40 hadi 50 ndiyo mwisho kwa pikapu ya kazi. Ukivuka 50 unahitaji mikono mipya ya juu ili alainimenti ikubali, pengine kushusha difu ya mbele kidogo ili sivi zipumue, pengine kushusha bearing ya katikati ya propela ili isitetemeke. Kila sentimita inakuletea bili ya sentimita nyingine. Na uzito wote umepanda juu, kwa hiyo kona za Subukia hutazipita kwa mwendo wa zamani.

Yubolti za zamani zisirudishwe, zilishavutika. Zikazwe tena baada ya kilomita 500 hivi. Springi mpya hutulia na kushuka kidogo wiki za kwanza, usiogope.

Kuinua bodi peke yake kutoka kwenye chasisi kwa mipira mirefu, nimekuona mara chache. Kunapata nafasi ya tairi, lakini chasisi na bampa la chini havisogei, na unavuta fito la usukani, mpira wa kujazia mafuta na mabomba ya rejeta. Kwa pikapu ya shamba sioni sababu.

Nani achukue ipi

Mwenye pikapu ya tosheniba na bajeti ndogo: badilisha shoki na bushi, kaza tosheniba kwa kipimo cha kidole, weka jani moja la ziada nyuma kama unabeba mara kwa mara. Usiweke bloki juu ya springi iliyolegea.

Mwenye Vigo au D-Max ya koili, anayefanya kazi mjini na kwenda shambani Bahati au Solai wikendi: matairi mazuri kwanza, kisha urudishe kimo cha kiwandani. Ukikaa miezi sita bado unaona upungufu, nunua seti ya mzigo mwepesi. Nimeona wengi ambao baada ya hatua ya kwanza hawakuhitaji ya pili.

Mwenye kupanda Olenguruone, Kuresoi au Kapsokwony kila wiki na mzigo: jichange ununue seti kamili, hata kama ni kwa awamu. Lakini awamu iwe ya ekseli, si ya upande. Nyuma yote mwezi huu, mbele yote mwezi ujao. Mwenye 2x4 ajue kwamba kimo hakitampa mvutano, na gunia mbili za mchanga juu ya ekseli ya nyuma gari likiwa tupu zitamfaa zaidi ya bloki.

Ukimaliza, chochote ulichochagua, pima alainimenti na uirekebishe taa za mbele. Pua ikipanda, mwanga unampiga usoni anayekuja. Iarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi kabla ya ajali, maana baada ya ajali watatazama chini ya gari kwa makini kuliko fundi wako. Pikapu ya biashara nayo hupita ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kila mwaka, na mkaguzi akishika mpira wa breki uliovutwa hatasikiliza maelezo.

Gari ninaloendesha sasa ni D-Max ya 2015, seti kamili ya milimita 40, springi za nyuma za kilo 300, matairi ya kimo kilekile cha kiwandani. Namba zake ziko kwenye daftari ndani ya boksi la mbele, pamoja na kalamu ya risasi. Kila mwanzo wa masika naisimamisha kwenye sakafu ya kituo cha mafuta pale Njoro, napima magurudumu manne. Mwaka huu nyuma kushoto pameshuka milimita 6. Nimeagiza bushi.